Mgonjwa anayepaliwa: kinywaji kizito, mpira wa puani, mpira wa tumboni au kijiko?

Mgonjwa amekunywa mafunda mawili ya maji. Hakukohoa. Unamuuliza kitu, anakujibu, lakini sauti inatoka na maji ndani yake, kama mtu anayesema huku anasukutua. Simamisha kikombe hapo hapo. Maji yamekaa juu ya nyuzi za sauti, na yakishuka kidogo tu yako kwenye mapafu. Wengi hungoja kikohozi ndipo washtuke. Lakini wapo wagonjwa, hasa waliopata kiharusi, ambao koo lao limepoteza hisi: chakula kinaingia njia ya hewa, nao hawakohoi wala uso haubadiliki.

Nimelisha wagonjwa wa aina hii wodini kwa miaka mingi, na ndugu zao huniuliza jambo moja: “Sista, tumwekee mpira wa kulishia au tuendelee kumlisha mdomoni?” Ni swali la haki kabisa, ila mara nyingi linaulizwa mapema mno. Kabla yake yapo mengine: kasoro iko sehemu gani, je, itapona, na kinywa chake kina hali gani? Majibu ya hayo matatu ndiyo yanayoamua, na ndiyo maana wagonjwa wawili wanaopaliwa sawasawa wanaweza kuhitaji njia zilizo kinyume kabisa.

Koo au umio?

Kumeza kunatumia misuli zaidi ya 30 na jozi 5 za mishipa ya fahamu itokayo ubongoni. Ndani ya sekunde moja hivi kikoromeo kinapanda, kidakatonge kinainama kufunika njia ya hewa, pumzi inasimama na mlango wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, unafunguka. Tonge likishapita hapo linasukumwa taratibu hadi tumboni. Kasoro inaweza kuwa katika ile sekunde ya kooni, au katika safari ya chini.

Ya kooni hujitokeza papo hapo. Mgonjwa anapaliwa, anakohoa, chakula kinatokea puani, udenda unamtoka, au ukimfungua mdomo baada ya mlo unakuta tonge limelala shavuni upande uliopooza, naye hana habari nalo. Mara nyingi maji humshinda kuliko chakula. Ya umio ni tofauti: anameza vizuri, kisha baada ya sekunde chache anashika kifua na kusema kimekwama hapa. Muulize kilichoanza kukwama ni nini. Ikiwa vilianza vyakula vigumu, vikafuata laini, na sasa hata maji yanasita, njia inazibwa, ama na kovu lililoachwa na asidi ya tumbo, ama na uvimbe ambao unaweza kuwa saratani. Ikiwa vigumu na maji vilianza kukwama pamoja, huenda ni misuli ya umio isiyosukuma wala kulegea inavyotakiwa, kama ilivyo kwenye akalesia. Mgonjwa akionyesha shingoni, usiamini moja kwa moja, kwa sababu kizuizi cha chini kabisa huweza kuhisiwa juu.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu karibu kila kitu nitakachokilinganisha hapa chini ni dawa ya koo. Umio unaoziba unahitaji endoskopia, yaani kamera inayopitishwa mdomoni kutazama ndani, tena upesi. Mtu anayepungua uzito na kukwamwa zaidi kila wiki, ukimpondea chakula atapata nafuu ya mwezi mmoja, na katika mwezi huo ugonjwa utasonga mbele bila kuonwa na mtu.

Kuangalia ndani: eksirei ya video au kamera ya puani

Hapa sitakaa sana. Eksirei ya video hutumia chakula na kinywaji vilivyochanganywa na bariamu, dawa inayoonekana kwenye eksirei, na faida yake ni kuonyesha safari nzima kuanzia mdomoni hadi umio, pamoja na ile sekunde yenyewe ya kumeza. Hasara zake ni mionzi, na ulazima wa kumfikisha mgonjwa kwenye mashine akiwa anaweza kukaa. Kamera nyembamba ya puani hufanyika kitandani kwake, kwa chakula anachokula siku zote, na inaweza kurudiwa. Inaonyesha vizuri mate na masalio yaliyotuama kooni. Ila tonge linapopita, koo hujifunga juu ya kamera na picha hupotea kwa nukta hiyo. Asiyeweza kuhamishwa apate kamera. Anayeshukiwa kuwa na shida ya umio pia, eksirei itasema mengi zaidi.

Palipokosekana vyote viwili kuna jaribio la maji: mgonjwa aliye macho na ameketi wima anakunywa ml 90 bila kusimama. Akishindwa kumaliza, akikohoa au sauti ikibadilika, hajafaulu na anahitaji uchunguzi zaidi. Lifanywe na aliyefunzwa, tena baada ya kuona anamudu mafunda madogo kwanza.

Kinywaji kizito, kidevu kifuani, au maji kwa masharti

Hapa ndipo penye makosa mengi ninayoyaona, na makosa yenyewe yanatokana na huruma. Mtu akipaliwa na maji mara mbili, neno la kwanza ni kumzidishia uzito wa kinywaji. Sababu yake inaeleweka. Maji yanakimbia, koo lililochelewa kujifunga haliyawahi. Kinywaji kizito kinashuka polepole na kuliachia koo nafasi.

Tatizo la kwanza ni kipimo. Kizito cha mchana huu si kizito cha jioni, na cha kwako si cha mwenzako wa zamu. Upo mpango wa kimataifa uitwao IDDSI wenye ngazi 0 hadi 7, vinywaji vikiwa 0 hadi 4 na vyakula 3 hadi 7, nao unapimika kwa bomba la sindano la ml 10. Toa sindano na kisukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza kinywaji hadi ml 10, achia kidole sekunde 10 kamili, kisha ziba tena. Kikibaki chini ya ml 1, bado ni chepesi kama maji, ngazi ya 0. Kati ya 1 na 4 ni ngazi ya 1, kati ya 4 na 8 ni ngazi ya 2, na kuanzia 8 kwenda juu ni ngazi ya 3. Kisipodondoka kabisa ni ngazi ya 4, cha kulia kwa kijiko. Angalia bomba lenyewe pia: mizani yake kutoka 0 hadi 10 iwe na urefu wa mm 61.5, la sivyo majibu yatakudanganya. Mara ya kwanza nilipowapimia wenzangu vikombe vitatu ambavyo kila mmoja alikuwa ameviita “vizito kiasi”, vilitoka katika ngazi tatu tofauti.

Unga wa kuongeza uzito nao uko wa aina mbili. Wa wanga huendelea kuganda kikombe kikikaa, tena kimeng'enya cha mate huuvunja, hivyo kikombe anachokunywa polepole, mate yakiingia humo, kinaweza kurudi kuwa chepesi. Wa gundi ya zanthani hutulia pale ulipouacha, na kwa mtu mzima mimi huuchagua huo. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati usitumike. Aina hiyo imehusishwa na madhara makubwa ya utumbo kwa watoto hao.

Tatizo la pili ni kwamba vinywaji vizito havipendwi. Mgonjwa anakunywa nusu, kisha robo, kisha anakuambia ameshiba. Mkojo unakuwa wa rangi ya kukolea, ngozi inakauka, anachanganyikiwa jioni. Halafu kile kizito kisichosukumwa vizuri huacha masalio kooni, na masalio hayo yanaweza kuteleza kuelekea mapafuni dakika chache baadaye, wakati kila mtu ameshaondoka mezani. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia kwa miezi 3 wagonjwa 515 wenye shida ya akili ya uzeeni au Parkinson. Baadhi walikunywa vinywaji vyepesi huku wameinamisha kidevu, wengine walipewa vizito. Kwa nimonia haikuonekana tofauti ya kutegemewa kati yao. Kwa upungufu wa maji mwilini ilikuwa asilimia 2 kwa wa kidevu na asilimia 6 kwa wa vinywaji vizito. Tangu nisome hayo siuoni tena unga ule kama kitu kisicho na madhara.

Kuinamisha kidevu kifuani wakati wa kumeza hakuhitaji kununua chochote, na kunawafaa wengi ambao koo lao huchelewa kujifunga. Hakuwafai wote. Mwenye masalio yanayotuama chini kabisa ya koromeo anaweza kuyamwaga njia ya hewa kwa kuinama huko huko, ndiyo maana ni vizuri mkao ujaribiwe chini ya eksirei au kamera kabla ya kuagizwa. Mkao mwingine unaowashangaza watu ni wa aliyepooza upande mmoja wa koo. Ungedhani ageukie upande mzima. La, anageuza uso kuelekea upande uliopooza, ili upande huo ubanwe na chakula kipite kwenye upande wenye nguvu. Mikao yote ina udhaifu mmoja: inahitaji kukumbukwa katika kila funda. Mtu anayesahau ni lazima awe na wa kumkumbusha mlo mzima, si mwanzoni tu.

Njia ya tatu hutajwa kwa nadra, na kwa wagonjwa wengine ndiyo inayorudisha hamu ya kuishi: maji matupu kwa masharti. Ilianzia mwaka 1984 katika hospitali moja ya utengamao mjini Louisville, Marekani. Hoja yake ni kwamba maji safi kidogo yakiingia mapafuni hunyonywa na mwili, lakini maji yaliyobeba chembe za chakula na bakteria wa kinywani ndiyo huzaa nimonia. Kwa hiyo mgonjwa ambaye vinywaji vyake vingine vyote ni vizito anaruhusiwa maji ya kawaida, mradi kinywa kimepigwa mswaki, imepita nusu saa tangu alipokula, ameketi wima, na hayatumiki kumezea vidonge. Usimpe mwenye usingizi usioisha, mwenye mapafu mabovu au kinga dhaifu, wala anayepaliwa kiasi cha kukosa pumzi.

Nikiulizwa nichague: kwa anayeelewa maelekezo naanza na mkao, nikimsihi apige mafunda madogo. Uzito nauongeza pale tu kipimo kimeonyesha unasaidia, na kwa ngazi ya chini kabisa inayotosha. Mgonjwa akianza kukataa vikombe, sisubiri akauke. Naomba tuzungumze juu ya maji.

Kuhusu kinywa, nisipokisema hapa nitakuwa sijasema kitu. Utafiti mmoja wa Marekani wa 1998 uliwafuatilia wazee kuona nani atapata nimonia ya kupaliwa, na mambo yaliyoitabiri zaidi yalikuwa kulishwa na mtu mwingine, kutegemea mtu mwingine kwa usafi wa kinywa, meno yaliyooza na kulishwa kwa mpira. Ugumu wa kumeza peke yake haukutosha kuleta nimonia. Mswaki wa asubuhi, wa baada ya mlo na wa usiku, pamoja na meno ya bandia kutolewa na kusuguliwa, unalinda mapafu kama unavyolinda fizi. Na mwenye mpira asiyekula chochote mdomoni anauhitaji zaidi, kwa sababu kinywa kisichotafuna hukauka na kujaa utando.

Mpira wa puani au wa tumboni

Tuseme mdomo hautoshi. Anakula vijiko vitano mlo mzima, uzito unashuka, dawa hazipiti. (Usizisage zote, tafadhali. Za kutenda kazi polepole na zile zenye ganda la kukinga tumbo huharibika au hudhuru zikisagwa. Mfamasia ataje ipi inapatikana ikiwa ya maji.) Sasa mpira unaingia kwenye mazungumzo, na swali linakuwa la muda: shida hii itakaa kiasi gani?

Mpira wa puani huwekwa kitandani kwa dakika chache na hutolewa kwa urahisi huo huo. Unamfaa anayetarajiwa kupata nafuu ndani ya wiki 4 hadi 6. Kero zake ni kubwa: pua inachubuka, unaziba, na mgonjwa aliyechanganyikiwa anauvuta usiku. Hatari yake halisi ni kuingia kwenye pafu. Kila unapowekwa, ncha yake ithibitishwe kwa kupima asidi ya majimaji yaliyovutwa, pH isizidi 5.5, au kwa eksirei. Kupuliza hewa na kusikiliza tumboni hakuaminiki, hata kama aliyekufundisha alifanya hivyo miaka yote.

Mpira wa tumboni hupitishwa kwenye ukuta wa tumbo kwa msaada wa endoskopia, njia iliyobuniwa Cleveland na kuchapishwa mwaka 1980. Hauonekani chini ya nguo, hausumbui pua, ni mnene kwa hiyo hauzibi ovyo. Lakini ni upasuaji, ingawa mdogo: kidonda kinaweza kuota usaha, kuvuja au kutoa damu. Ukichomoka kabla ya wiki 4 hivi, usijaribu kuurudisha mwenyewe, kwa kuwa njia haijakomaa na chakula kinaweza kumwagika ndani ya tumbo. Ukichomoka baada ya hapo, funika tundu kwa kitambaa safi na mkimbize hospitali, maana tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache.

Kwa kiharusi nina msimamo. Wengi waliopoteza uwezo wa kumeza siku ya kwanza huupata tena katika wiki za mwanzo. Mwaka 2005 ulitoka utafiti mkubwa wa nchi kadhaa, na sehemu moja yake iliwalinganisha wagonjwa 321 wa kiharusi: waliowekewa mpira wa tumboni mapema waliishia vibaya zaidi kuliko wa puani. Basi vumilieni wa puani kwa wiki 2 au 3 za mwanzo, na huku nyuma mazoezi yaanze. Kuna zoezi la kulala chali na kuinua kichwa mpaka uone vidole vya miguu bila kuinua mabega. Linaimarisha misuli inayovuta kikoromeo juu na kufungua mlango wa umio. Huagizwa kwa wiki 6, na si la mwenye shingo mbovu.

Kwa ugonjwa wa kudhoofika kwa neva za misuli, unaojulikana kwa kifupi ALS, ushauri ni kinyume chake. Huko kumeza hakurudi na pumzi inaendelea kupungua. Mpira wa tumboni uzungumzwe mapema, kabla uwezo wa mapafu haujashuka chini ya asilimia 50, kwa sababu baada ya hapo kuuweka kunakuwa hatari zaidi. Familia nyingi husubiri hadi mgonjwa ashindwe kabisa kula, na wakifika, muda mzuri umeshapita.

Jambo moja halitofautiani kati ya mipira hii miwili: hakuna unaozuia kupaliwa. Mate bado yanashuka, na chakula bado kinaweza kupanda kutoka tumboni. Kitanda kiinuliwe digrii 30 hadi 45 wakati wa kulisha na kwa saa moja baadaye.

Mpira au kijiko, kwa mwenye shida ya akili iliyofika mbali

“Sista, tukikataa mpira si tutakuwa tumemwachia mama afe njaa?” Kijana mmoja aliniuliza hivyo akiwa ameshika bakuli ambalo mama yake alikuwa amelisukuma mara tatu.

Nilimwambia ninachokiamini. Katika hatua za mwisho za ugonjwa huu mpira haujaonekana kurefusha maisha wala kupunguza nimonia. Umeonekana kuongeza vidonda vya kulalia, na mara nyingi mikono ya mgonjwa hufungwa ili asiuvute. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilitoa msimamo wake mwaka 2014: mpira haupendekezwi kwa hali hii, badala yake mgonjwa alishwe kwa mkono, kwa uangalifu. Ni njia yenye kazi nyingi na inahitaji mtu. Haizuii kupaliwa kwa asilimia zote, na familia iambiwe hivyo waziwazi kabla haijaamua. Kama mgonjwa aliwahi kusema anataka nini alipokuwa na akili zake, hilo litangulie mbele ya maoni yetu sote.

Kijana alitaka nimwonyeshe. Tulizima redio, tukamvisha mama miwani na meno yake, tukamkalisha wima kwa mito miwili. Nilimwambia avute kiti akae, macho yake yawe usawa wa macho ya mama au chini kidogo, kwa sababu ukimlisha umesimama atainua kidevu kukutazama, na kidevu kikiinuka njia ya hewa inabaki wazi. Nusu ya kijiko cha chai, kikija kutoka mbele na chini. Kijiko kiguse mdomo wa chini, kisubiri aufungue mwenyewe. Kisha macho kwenye kikoromeo: kimepanda, kimeshuka. Bado usimpe kingine. Mwache avute pumzi, msemeshe, sikiliza sauti kama iko kavu.

Vijiko kumi na viwili vilichukua dakika 35. Kwenye cha kumi na tatu mama aligeuza uso dirishani. Kijana alinitazama, akaweka kijiko chini, akachukua mswaki.